Uwanja Unaosema: Usomaji wa Kigae cha Nyota cha Varamin

Vigae vya nyota vilivyotengenezwa na mafundi wa Kashan kwa ajili ya Emamzadeh Yahya, kaburi la ziara lililoko Varamin, kusini mwa Tehran, vina ncha nane, upana wa takribani sentimita 31, na rangi moja tu juu ya weupe. Baadhi vimeandikwa tarehe, nazo zinaangukia mwishoni mwa mwaka 660 na mwanzoni mwa 661 wa Hijria, yaani 1262 kuingia 1263. Rangi hiyo moja ni mng'aro: madini ya fedha na shaba yaliyochomwa ndani ya moshi hadi yakatoa nuru ya dhahabu. Kwa zana chache kiasi hicho, fundi amejenga umbo ambalo haliwezi kuonekana lote kwa mtazamo mmoja, kwa kuwa michoro miwili inayopingana imewekwa mahali pamoja, na kila mmoja hujitokeza pale mwenzake anapofifia. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba siri ya umbo hilo imo katika uwanja, ile sehemu ya nyuma ya mchoro ambayo kwa mazoea macho yetu huipita. Katika kigae cha Varamin, uwanja ndio unaobeba nuru, na kwa hiyo ndio unaobeba maana.

Tuanze na mzingo wake. Nyota hii hupatikana kwa kulaza mraba juu ya mraba, wa pili ukiwa umezungushwa nusu ya pembe mraba. Matokeo yake ni ncha nane zenye nyuzi 90 kila moja, na kingo fupi 16 zinazolingana. Nyota za namna hiyo zikipangwa safu kwa safu, kila moja hugusana na jirani zake kwa ncha nne, na pengo linalobaki kati ya nyota nne lina umbo la msalaba wenye mikono iliyochongoka. Pengo hilo lilitengenezewa kigae chake. Mahali nyota mbili zinapogusana, hapo hapo hukutana ncha za misalaba miwili, na pembe nne za nyuzi 90 hufunga duara kamili bila kuacha upenyo. Ncha nne za nyota zilizobaki huzama katika kwapa za misalaba. Ukaguzi huu wa jiometri una faida zaidi ya kusifu ustadi wa vipimo: unatuonyesha kwamba, tangu hatua ya udongo, mpango mzima umekataa kukubali kitu kiitwacho nafasi tupu. Kilichokuwa pengo kimepewa mwili, mchoro na maandishi sawa na jirani yake, na kanuni hiyo ya kulipa pengo hadhi ndiyo tutakayoikuta tena ndani ya nyota yenyewe.

Kuhusu utengenezaji tuna shahidi wa karibu sana. Abu'l-Qasim, mwana wa ukoo wa Abu Tahir uliofanya kazi hii Kashan kwa vizazi vinne, aliandika mwaka 1301 maelezo ya mawe, madini na ufinyanzi. Anataja mwili wa chombo unaochanganywa kwa mafungu kumi ya jiwe jeupe la kwatsi lililosagwa, fungu moja la udongo na fungu moja la kioo kilichoyeyushwa na kupondwa. Juu ya mwili huo hupakwa ganda la kioo lililofanywa jeupe kwa bati, na chombo huchomwa. Baada ya hapo ndipo huja kazi ya mng'aro: fedha, shaba iliyochomwa na madini ya aseniki husagwa pamoja na maji ya zabibu au siki, hutumika kuchorea juu ya ganda ambalo tayari limeiva, kisha chombo hurudishwa katika tanuri la pili, kwa moto mpole wenye moshi, saa 72. Kikishapoa husuguliwa kwa udongo mbichi, na dhahabu hutokeza.

Hatua hiyo ya kusugua inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu inabadilisha hadhi ya kile tunachokiita rangi. Vitu alivyovipaka fundi kwa brashi huondolewa karibu vyote. Kinachobaki ni kile kilichohama: ndani ya joto la nyuzi 600 hivi, ambalo halitoshi kuliyeyusha ganda upya, fedha na shaba huingia katika kioo na kuchukua nafasi za sodiamu na potasiamu, kisha moshi, unaokinyima chombo oksijeni, huyageuza madini hayo kuwa chembe za metali zenye upana wa makumi ya nanomita au pungufu. Tabaka lenye chembe hizo halifiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Pitisha kidole juu ya kigae na hutahisi mpaka kati ya palipochorwa na pasipochorwa. Mchoro wa Varamin haukai juu ya uso. Ni eneo la kioo ambalo limefundishwa kuipokea nuru kwa namna tofauti na eneo lililo kando yake. Ndiyo maana istilahi zetu za kawaida za uchoraji, kama vile mpako, tabaka na mguso wa brashi, hazitufikishi mbali hapa, na inatubidi tuzungumze kwa istilahi ya mwenendo: kila eneo linafanya nini nuru inapolifikia, na kutoka pembe ipi.

Sasa tuingie ndani ya nyota. Kwa kuwa jengo ni la kaburi, vigae hivi havina wanadamu wala wanyama ambao mafundi hao hao waliwachora kwa wingi kwingineko. Kuna mimea tu. Kwa kawaida shina huinuka kutoka upande mmoja, hugawanyika, na majani hujikunja kulia na kushoto kwa ulinganifu hadi yajaze ncha zote. Lakini majani hayo hayakupakwa. Fundi alipaka kila mahali pasipo jani, akaizungukia mipaka yake kwa brashi, na jani likabaki kuwa weupe wa ganda lenyewe, likiwa na vitone vichache tu vya kuonyesha mishipa. Mbinu hii tuiite uachaji: umbo linazaliwa kwa kuachwa. Mahitaji yake ni makubwa kuliko ya mbinu ya kupaka, kwa sababu anayeacha analazimika kuliona jani kabla halijakuwapo, na kila kosa la brashi linalimega jani lenyewe.

Tena fundi hakuridhika kuupaka uwanja na kuuacha shwari. Rangi ikiwa bado mbichi, alichukua kitu chenye ncha kali na kukwangua humo vizingo vidogo vidogo, kimoja kando ya kingine, hadi weupe wa chini ukachungulia katika mistari myembamba kama unywele. Ukikisogelea kigae hadi urefu wa kiganja, unaona kwamba uwanja una mwendo wake mwenyewe: majani ni mapana na yametulia, ilhali nafasi iliyo kati yake inazunguka bila kukoma. Matokeo ya kiufundi ni kwamba mng'aro unakatwakatwa katika vipande vidogo, na nuru haitoki kwa pamoja bali humeta kidogo kidogo jinsi kichwa cha mtazamaji kinavyosogea. Hapa ndipo anga la usiku linapoingia katika kazi hii, kwa njia iliyo makini kuliko ile ya kuchora mwezi na sayari. Kigae kimeitwaa tabia ya usiku wenye nyota, yaani uwanda mweusi uliotawanywa cheche zisizotulia, kikaifanya kuwa kanuni ya umbile lake.

Kutokana na hayo tunapata somo la kwanza na somo la pili. Simama wima mbele ya kigae, nuru isiyoelekea ikiwa imeenea chumbani: mng'aro unaonekana kahawia, karibu na rangi ya chai ya rangi, na majani meupe yanakuja mbele. Hiyo ni bustani. Piga hatua moja kando, hadi nuru ya taa au dirisha iruke kutoka kwenye kigae na kuingia jichoni: uwanja unawaka dhahabu yenye wekundu wa shaba, na majani, ambayo sekunde iliyopita yalikuwa ndiyo mchoro, yanarudi nyuma yakawa vivuli vilivyopauka. Hakuna hatua ya katikati ambamo masomo yote mawili yanapatikana kwa ukamilifu. Ili kuyapata yote, mwili wa msomaji lazima usogee, na kwa sababu hiyo ninapendekeza tuuite usomaji wa aina hii usomaji-mwendo: usomaji ambao sharti lake la kwanza ni miguu ya msomaji. Mzuru aliyelizunguka kaburi alikuwa akilitimiza sharti hilo kwa ibada yake yenyewe.

Ukingo wa nyota unaleta mgeuko wa tatu, nao kwangu ndio kilele cha ubunifu wake. Kandokando ya kingo zote 16 umepita mkanda mwembamba wenye aya za Kurani kwa khati ya naskhi. Humo uhusiano umepinduliwa: uwanja ni mweupe, na herufi ndizo za mng'aro. Kwa hiyo kigae kina sarufi mbili zinazopakana. Ndani, kitu ni weupe na pengo ni nuru. Pembeni, kitu ni nuru na pengo ni weupe. Msomaji anapopiga ile hatua ya kando, vitu viwili huwaka kwa pamoja, uwanja wa ndani na neno la pembeni, na majani peke yake hunyamaza. Neno limefanywa kwa kile kile kilichofanya anga. Pendekezo hilo la kiitikadi, kwamba maandiko na mbingu vina asili moja na mimea ya dunia ni wageni wao, halikuandikwa popote. Limetamkwa na mgawanyo wa madini, na linathibitika kila mara taa inaposogezwa.

Herufi zenyewe zimeandikwa kwa kasi, na mkanda unageuka mara 16, kiasi kwamba sehemu ya aya husomeka vizuri, sehemu nyingine imelala, na nyingine imepinduka juu chini. Mhakiki asiye mwangalifu ataita jambo hilo upungufu. Lakini msomaji aliyekusudiwa ni yule aliyezihifadhi sura moyoni, ambaye maneno mawili yaliyosimama wima yanamtosha kuirejesha aya nzima mdomoni. Waliopita chuoni katika miji yetu ya pwani wanalijua tendo hilo vizuri. Khati haikuwekwa hapo ili ifundishe. Inazunguka ili ikumbushe, nao mzunguko wake unaishikilia bustani ya ndani isimwagike.

Kwa kuwa vigae hivi vilifunika sehemu ya chini ya kuta, anga hilo lilishushwa hadi usawa wa mabega na viganja, likawazunguka walio hai wakiwa wamesimama au kuketi. Juu ya mpangilio huo ulitawala mihrabu uliokamilishwa mwaka 663, yaani 1265, na Ali ibn Muhammad ibn Abi Tahir, baba wa Abu'l-Qasim tuliyemtaja. Linganisha: katika mihrabu, herufi zimeinuliwa juu ya uso na kupakwa buluu, zikitaka zionekane kutoka mbali na kutoka upande wowote; katika nyota, kila kitu ni bapa, kidogo na cha siri. Ni mgawanyo wa sauti uliopimwa, ambapo ukuta mmoja unatangaza na nyingine zinanong'ona, na tofauti hiyo imepatikana ndani ya ukoo mmoja wa mafundi na utaalamu mmoja.

Msomaji aliyewahi kulitazama kaburi la nguzo la Kunduchi, au makaburi mengine ya pwani yetu yaliyopachikwa mabakuli ya Kichina, ataona undugu na tofauti. Huko nako chombo chenye ganda la kioo kimewekwa kando ya maiti ili kinase jua. Ila bakuli la Kunduchi lilizaliwa likiwa chombo cha meza, likapata maana mpya kwa kuhamishwa. Nyota ya Varamin ilizaliwa ikiwa ukuta, na maana yake ilitegemea jirani zake tangu mwanzo. Utegemezi huo ndio uliofanya hasara yake iwe kubwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vigae vilianza kubanduliwa na kuuzwa, leo vimetawanyika katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na mihrabu umo Honolulu, katika nyumba iliyokuwa ya mkusanyaji wa sanaa Doris Duke.

Jambo linalofuata ni la kiuhakiki kabla halijawa la kumbukumbu. Nyota iliyotundikwa peke yake imepoteza kile kipeo cha ncha nne, na pengo ambalo mafundi walilipa mwili limerudi kuwa pengo. Picha iliyopigwa kwa nuru sawia, kama zile zinazojaza vitabu vya sanaa, inahifadhi bustani na kulifuta anga, na kizazi kizima cha wasomaji kimeijua kazi hii kwa nusu yake iliyo rahisi. Tusikubali nusu hiyo. Anayekionyesha kigae hiki ana wajibu wa kukipa taa ya upande na sakafu ya kutosha kwa hatua mbili za mtazamaji, na anayekihakiki ana wajibu wa kuanza na pale ambapo brashi haikuacha umbo lolote linalotajika. Mafundi wa Kashan waliuweka ustadi wao mkubwa katika nafasi iliyo kati ya vitu, na hukumu yetu juu ya kazi yao itakuwa ya haki tu iwapo itapimwa kwa nafasi hiyo.