Wazee wa Rolling Stones Jukwaani

Msomaji, ukiambiwa kwamba mzee wa miaka 80 amekwenda mbio jukwaani kwa muda wa saa mbili, akiimba na kucheza mbele ya makumi ya maelfu ya watu, neno la kwanza litakalokutoka kinywani ni "Ajabu!" Neno hilo ni la haki, lakini si la uhakiki. Watu hulitumia hata kwa mbuzi aliyezaliwa na vichwa viwili. Aliyelipa kiingilio ili atazame ajabu amekwenda mazingaombweni. Aliyelipa ili asikie muziki ana haki ya kuuliza swali jingine, nalo ni hili: Je, umepigwa vizuri? Wengi huona haya kuuliza hivyo mbele ya wazee. Husema ng'ombe hazeeki maini, wakapiga makofi, wakaenda zao. Mimi nadhani makofi ya namna hiyo ni sadaka, na msanii hataki sadaka.

Mzee niliyemtaja ni Mick Jagger, mwimbaji wa bendi ya Kiingereza iitwayo Rolling Stones, ambaye alikuwa na umri huo katika ziara ya Amerika ya Kaskazini ya mwaka 1924 ukiongeza miaka 100 kamili, yaani 2024. Bendi hii ilijitokeza mbele ya watu mara ya kwanza tarehe 12 Julai 1962, katika klabu ya Marquee mjini London. Jina lake lilitwaliwa katika wimbo wa Muddy Waters, mwimbaji mweusi wa bluzi aliyetoka Mississippi akapata sifa zake Chicago. Vijana wale walikuwa wanafunzi wa watu weusi wa Marekani, wala hawakuficha. Mwaka 1964, katika ziara yao ya kwanza ng'ambo ya Atlantiki, walikwenda Chicago kurekodi katika studio ya Chess, mle mle alimorekodi Muddy. Mwaka uliofuata, walipoalikwa katika kipindi cha televisheni cha Marekani, walitaka mzee Howlin' Wolf naye aimbe. Akaimba, nao wakaketi kumsikiliza kama wajukuu mbele ya babu. Yaweke hayo moyoni, msomaji, maana tutayahitaji.

Tangu mwaka 1989 ziara zao zimekuwa kama msafara wa jeshi. Ile iliyoitwa A Bigger Bang ilianza Boston mwezi wa Agosti 2005 ikaisha London mwezi wa Agosti 2007, na mapato yake yalizidi dola milioni 550. Tarehe 18 Februari 2006 walipiga bure katika ufuko wa Copacabana, Rio de Janeiro, mbele ya umati uliokadiriwa kupita watu milioni moja. Tarehe 25 Machi 2016 walipiga bure tena mjini Havana, katika nchi ambayo kwa miaka mingi baada ya mapinduzi ya 1959 muziki wa roki ulitazamwa kwa jicho la shaka. Afrika nayo waliifikia: mwezi wa Februari 1995 walikuwa Johannesburg, mwaka mmoja haujatimia tangu Mandela kushika urais. Wafadhili nao hawakukosa. Ziara ya 1981 ililipiwa na kampuni ya manukato, na ile ya 2024 na chama cha Wamarekani wastaafu. Cheka ukipenda, mimi nilicheka.

Ukubwa huo una gharama yake, na gharama yenyewe huulipa muziki. Katika uwanja wa mpira, mtu aliye nyuma humwona mwimbaji kama sisimizi, basi huacha kumtazama akatazama picha yake katika kioo kikubwa. Jukwaa huwa refu, mwimbaji akalazimika kukimbia ili kila upande upate haki yake. Na mtu anayekimbia hawezi kuimba kwa utulivu. Hivyo zile mbio tunazozistaajabia ni kodi ya uwanja. Sauti hukuzwa hata vile vitu vidogo vidogo, ambavyo ndivyo uhai wa bendi hii, vikapotea hewani.

Vitu vidogo gani? Ili uvisikie, iache Copacabana uitafute filamu iitwayo Shine a Light, ya Martin Scorsese, iliyopigwa mwaka 2006 katika ukumbi wa Beacon mjini New York, ukumbi wa watu wachache kwa kipimo chao. Humo msikilize mpiga ngoma, Charlie Watts, aliyekuwa na miaka 65. Ngoma zake zilikuwa chache, na moyo wake siku zote ulikuwa katika jazi. Alikuwa na desturi moja: kila mkono wa kushoto ulipoipiga ile ngoma ndogo iliyo mbele ya magoti, mkono wa kulia aliuinua usiguse matoazi. Wapigaji wengine hupiga vyote viwili pamoja. Yeye aliacha pengo dogo, na katika pengo hilo muziki ulipata kupumua. Tena, katika bendi nyingi wapiga gitaa humfuata mpiga ngoma; katika hii yasemwa kuwa Watts alimfuata Keith Richards, mpiga gitaa, kama mtu anayetembea nyuma ya rafikiye nusu hatua. Nusu hatua ile ndiyo iliyoufanya muziki wao uyumbe bila ya kuanguka. Hakuna kioo kikubwa kiwezacho kuionyesha.

Katika filamu hiyo hiyo anapanda Buddy Guy, mpiga gitaa mweusi wa Chicago, mwenye miaka 70 wakati huo, wakaimba pamoja wimbo wa Muddy Waters. Mtazame Jagger hapo. Mbio zimekwisha, madaha yamepungua. Anaimba kama mwanafunzi aliyeitwa mbele na mwalimu wake wakati mwalimu yungali hai. Wimbo ulipokwisha Keith alimpa Buddy Guy gitaa lake. Kwa maoni yangu dakika zile zazishinda ziara nyingi nzima nzima, na sababu yake si huruma wala kumbukumbu. Ni kwamba kila mmoja jukwaani alikuwa akimsikiliza mwenziwe.

Charlie Watts alifariki tarehe 24 Agosti 2021. Mnamo 26 Septemba bendi ilianza ziara yake mjini St. Louis, Steve Jordan akiwa penye ngoma, na onyesho likafunguliwa kwa picha za marehemu. Wako waliosema haikuwa adabu, na wako waliosema kazi lazima iendelee. Sisi watu wa Afrika ya Mashariki hatushangai chama cha muziki kuwazidi umri waasisi wake: Ikhwani Safaa ya Unguja iliundwa mwaka 1905, na hakuna aulizaye kama bado ni yenyewe. Lakini chama cha taarabu hurithishwa, vijana huingia wakafundishwa, na mwishowe wanafunzi huwa ndio chama. Rolling Stones hawakurithisha, waliajiri. Jordan ni mpigaji hodari, ameshirikiana na Keith tangu miaka ya 1980, na mkono wake ni mzito na sawasawa zaidi. Ndipo penye kasoro. Lile pengo limezibwa. Nyimbo zasikika imara kama nyumba iliyopigwa saruji, nami nazistahi, ila haziyumbi tena.

Liko jambo jingine, zito kuliko mapigo. Katika ziara ya 2021 waliuondoa Brown Sugar, wimbo wao wa mwaka 1971 uliopendwa mno, ambao kwa maneno yake husimulia utumwa na mateso ya mwanamke mtumwa, lakini kwa lahani ya furaha na shangwe. Kwa miaka 50 viwanja vizima viliucheza. Msomaji wa pwani yetu, ambaye babu zake walijua soko la watumwa la Unguja lililofungwa mwaka 1873, haitaji kuelezwa kwa nini shangwe hiyo yachoma. Yafaa ukumbuke kwamba wimbo huo ulikuwa miongoni mwa zile ambazo serikali ya China ilikuwa imezikataza, nao walipopiga Shanghai mwezi wa Aprili 2006 walikubali amri wakapiga nyingine. Kule waliamuliwa, mwaka 2021 waliamua wenyewe, ijapokuwa Keith alionekana kutoridhika. Mimi naona walifanya vyema, na walichelewa. Watu waliojifunza kila kitu kwa wana wa watumwa hawakupaswa kungoja uzee ndipo wausikie wimbo wao wenyewe kwa masikio ya waalimu wao.

Basi, ukiniuliza kama ziara ile ya 2024 ilistahili nauli na kiingilio, nitakujibu kuwa ilistahili kwa mtu anayetaka kuzisikia nyimbo zikipigwa barabara na watu waliozitunga. Anayetaka kuisikia bendi iliyo hai, anayetaka ile nusu hatua, atafute santuri. Na mojawapo ni ya juzi tu. Mwezi wa Oktoba 2023 walitoa albamu ya Hackney Diamonds, na wimbo wa mwisho ndani yake ni ule ule wa Muddy Waters waliotwaa jina lao. Wameurekodi wawili tu, Mick kwa sauti na kinanda cha mdomo, Keith kwa gitaa. Hakuna anayekimbia. Mahali pa ngoma wamepaacha wazi.