Kibuyu, Bidoni na Kitabu: Uteuzi wa Vifaa vya Kufundishia Afya Birere

Uteuzi wa vifaa vya kuwafundishia watu wazima elimu ya afya aghalabu huachiwa matabibu. Kwa hakika ni suala la lugha pia. Kitabu cha David Werner, Mahali Pasipo na Daktari, kilichotoka kwanza kwa Kihispania mwaka 1973, ni mfano mzuri.

Ubora wake haubishaniwi: sentensi ni nyepesi, michoro ni mingi. Lakini kilizaliwa katika vijiji vya milimani Mexico. Kikipelekwa Birere, mtaa wa Goma uliosongamana mpakani mwa Rwanda, jina lenyewe huyumba. Goma ina madaktari. Kinachomtenga maskini nao si masafa bali gharama. Tena, kwa msemaji wa Goma "munganga" ni tabibu wa hospitali, ilhali kwingineko "mganga" huweza kuwa mtu wa ramli. Onyo dhidi ya waganga, likisomwa Birere bila ufafanuzi, laweza kumwepusha mgonjwa na yule hasa anayepaswa kumwona.

Mwaka 1982 Werner na Bill Bower waliwatolea wakufunzi kitabu kingine. Humo mna mtoto wa kibuyu: hujazwa maji, kizibo cha chini huondolewa, na kitambaa kilicholowa utosini hubonyea. Mwanafunzi huona ukavu wa mwili kabla ya kuujua kwa jina. Fundisho si kibuyu, bali chombo kilichozoeleka. Goma, ambako maji hubebwa kwa bidoni la manjano, bidoni lingetosha.

Hata hivyo, hapo pana mtego. Maji ya kumnywesha anayehara huhitaji lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Bidoni la lita 20 haliwezi kumfundisha mama lita 1, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Kifaa cha kuonyeshea, basi, kisifanywe kuwa cha kupimia. Katika mji ambao kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi mwaka 1994, tofauti hiyo si ya kinadharia.

Kampeni ya Mtu ni Afya, Tanzania, mwaka 1973, iliunganisha kijitabu, redio na kikundi cha majadiliano. Kitabu hakikuachwa peke yake. Hicho ndicho kigezo cha kufuatwa Birere: kifaa kiteuliwe baada ya kumsikiliza mwanafunzi anavyosema, wala si kabla.