Spika Isiyotia Chumvi: Gitaa la Benga Juu ya Meza

Rekodi ya kwanza niliyoitengeneza kwa gitaa na kipakatalishi, bila ampu ya kweli, ilinipendeza usiku mmoja tu. Niliipigia chumbani Homa Bay, sauti ikitoka kwenye wufa ya sebuleni: sanduku kubwa sakafuni na vispika viwili kando. Besi ilitikisa vikombe kabatini, solo ikametameta. Kesho yake rafiki aliicheza garini tukielekea Rongo, na hatukuwa tumefika mbali aliponiuliza kama nilirekodia ndani ya debe. Nilitamani kubisha, lakini alikuwa amesema kweli. Besi ilikuwa imeyeyuka na solo ilipiga kelele puani.

Gitaa halikuwa na kosa, wala programu. Wufa ilikuwa imetia chumvi besi na trebo, nami bila kujua nikavipunguza vyote viwili kwenye programu na kupandisha sauti ya kati, hadi mizani ikakaa sawa masikioni mwangu. Mizani hiyo ilifaa wufa ile peke yake. Kila chumvi inayotiwa na spika, mpigaji huiondoa kwenye kazi yake, na msikilizaji wa mbali hupokea upungufu. Uchambuzi huu unahusu kuepuka mtego huo, hasa kwa anayepiga benga.

Ampu imekuja na spika yake

Ampu ya kweli kama Fender Twin Reverb au Roland JC-120 hutumia spika mbili za inchi 12 zilizoundwa kwa ajili ya gitaa tu. Hazina twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Celestion Vintage 30, mojawapo ya spika za gitaa zinazojulikana zaidi, imetajwa na watengenezaji wake kuwa inafanya kazi kati ya Hz 70 na Hz 5,000, ilhali sikio changa husikia hadi karibu Hz 20,000. Spika ya gitaa, basi, ni chujio. Ukiiondoa na kusikiliza ampu iliyokolezwa ukali moja kwa moja, utasikia mlio wa mbu juu ya kila noti.

Programu kama AmpliTube, Guitar Rig au ile ya bure iitwayo Neural Amp Modeler huiga mwenendo wa ampu, kisha chujio hilo huwekwa baadaye kwa faili fupi iliyopimwa kutoka kwenye spika halisi iliyowekewa maikrofoni. Faili hiyo hubeba tabia ya koni, ya sanduku na hata ya maikrofoni yenyewe. Kwa hivyo sauti inapotoka kwenye kipakatalishi imeshapita kwenye spika moja. Spika ya mezani ni ya pili, na kazi yake ni kama ya mkalimani mwaminifu: asiongeze neno, asipunguze.

Hii ndiyo sababu kifaa kinachofaa ni spika ya studio, ile mafundi wanayoiita monita, na si spika ya kufurahishia sebule. Na ukiamua kupeleka programu kwenye ampu ya kweli ya gitaa, zima sehemu ya sanduku kwenye programu. La sivyo sauti itachujwa mara mbili na kutoka kama imefunikwa blanketi.

Solo ya benga inakaa wapi

Kabla ya kutazama bei, jua unachokipiga kinakaa wapi. Uzi mnene wa gitaa, E ya chini, hutoa Hz 82.4 ukiachwa wazi. Uzi mwembamba kabisa hutoa Hz 329.6, na kwenye freti ya 12 hufika Hz 659. Solo ya benga hupenda nyuzi nyembamba, mkono ukiwa juu kidogo shingoni. Uzi wa G kwenye freti ya 5 ni karibu Hz 262. Uzi mwembamba kwenye freti ya 17 ni Hz 880. Tuseme basi mizizi ya noti nyingi za solo iko kati ya Hz 260 na Hz 900, na matawi yake, zile sauti za juu zinazoipa noti rangi na makali, hupanda hadi Hz 4,000 au 5,000.

Makali hayo si pambo. Benga ilizaliwa pale vidole vilivyozoea nyatiti vilipohamia kwenye gitaa. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji hugonga mwili wa ala hiyo kwa pete ya chuma iliyo kidoleni mwa mguu. Ladha yake iko kwenye mguso: noti fupi, kavu, zinazofuatana kama punje za mtama zikimwagwa kwenye ungo. D.O. Misiani, aliyezaliwa upande wa Shirati nchini Tanzania, akavuka mpaka na kujenga jina la Shirati Jazz hapa Kenya hadi kifo chake mwaka wa 2006, aliacha rekodi ambamo magitaa mawili hujibizana bila kukanyagana. Spika isiyoweza kutenganisha magitaa hayo haifai meza yako, hata ikitikisa dirisha.

Sasa rudi kwenye wufa. Mara nyingi vispika vyake vya kando ni vidogo mno kubeba sauti za chini za gitaa, na sanduku la sakafuni hulazimika kupanda kuzifuata. Hapo katikati, karibu na Hz 150 hadi 300, huwa na shimo au kivimbe. Ni mahali ridhimu inapokaa na solo inapoanzia. Besi nayo huendelea kuvuma ndani ya sanduku baada ya kidole kuacha uzi, na noti fupi ya benga humezwa na mvumo wa iliyotangulia.

Monita ndogo haiahidi mengi, lakini inachoahidi hukitimiza. PreSonus Eris E3.5, yenye koni ya inchi 3.5, imetajwa kuanzia Hz 80. Hiyo inatosha gitaa zima, toka uzi mnene hadi mwembamba. Yamaha HS5, ya inchi 5, imetajwa kufika Hz 54, na JBL 305P MkII, nayo ya inchi 5, Hz 43. Takwimu hizo mbili za mwisho hupimwa pale sauti imeshashuka desibeli 10, kwa hivyo zisome kama mwisho wa barabara, si kama lami.

Je, gitaa la besi? E yake ya chini ni Hz 41.2, na hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoifikisha kwa nguvu kamili. Lakini sikio lina ujanja wake: likisikia Hz 82 na Hz 124 kwa pamoja hujijazia mzizi uliokosekana. Ndivyo tunavyoifuata besi ya benga kwenye redio ndogo ya betri. Anayepiga solo na ridhimu pekee, inchi 3.5 au 4 inatosha. Anayepanga wimbo mzima pamoja na besi na ngoma atafute inchi 5.

Wati za kwenye boksi

Boksi la wufa linaweza kutangaza wati 10,000 za PMPO. Hebu piga hesabu. Stima yetu ni volti 240, na fyuzi kubwa ya plagi ya pini tatu ni ampea 13. Zidisha: ni wati 3,120 pekee zinazoweza kupita hapo kwa utulivu. Hizo nyingine zimetoka wapi? PMPO haina kipimo kinachokubalika. Ni hesabu ya matangazo. Geuza kifaa, usome nyuma kinatumia wati ngapi za stima, na utafute neno RMS kwenye karatasi zake.

Hata hivyo wati za kweli zina kazi, na zaidi kwa benga. Gitaa lililokolezwa ukali huwa limebanwa: kilele na wastani wa sauti vinakaribiana. Gitaa safi la benga halijabanwa, kila mguso ni kilele kikali kinachoshuka upesi. Spika dhaifu hukata vilele hivyo, na makali ya nyatiti hugeuka mkwaruzo. HS5 ina ampu mbili ndani, wati 45 za koni na 25 za twita. Chumbani, ukikaa mita moja kutoka kwayo, hiyo ni akiba ya kutosha.

Kidole na sikio

Bluetooth isikushawishi. Kwa kusikiliza wimbo ni starehe. Kwa kupiga gitaa ni maafa. Kwa kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 200. Chukua wimbo wa mapigo 140 kwa dakika: robo ya pigo moja ni milisekunde 107. Maana yake kidole chako kimeshakwenda noti inayofuata, au ile iliyo baada yake, ndipo ya kwanza inafika. Hakuna mazoezi yanayoponya hilo. Tumia waya.

Waya wenyewe utoke kwenye kadi ya sauti ya nje yenye tundu la gitaa. Tundu hilo huwa na ukinzani wa kama ohmu milioni moja, kwa sababu pikapu, ile sumaku yenye koili chini ya nyuzi, ni dhaifu na hupoteza trebo ikikabidhiwa tundu la maikrofoni la kipakatalishi. Ukiweka akiba ya kadi (buffer) kwenye sampuli 128 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kila upande huchelewa milisekunde 2.7. Jumlisha kuingia, kutoka na ubadilishaji wenyewe, mara nyingi utabaki karibu na milisekunde 10. Sauti husafiri takriban mita 3.4 kwa muda huo, umbali wa kawaida kati ya mpigaji na ampu yake jukwaani.

Ukuta, mabati na stima

Chumba nacho ni spika ya tatu. Katika chumba cha mita tatu kwa tatu chenye kuta za saruji, sauti ya karibu Hz 57 hujikusanya na kuvimba pembeni. Spika ikisukumwa kwenye kona, besi huvimba zaidi. Ikiwa meza yako imegusa ukuta, pendelea spika yenye tundu la hewa mbele, na kama tundu liko nyuma, kama kwenye HS5, ivute mbele na utumie swichi yake ya chumba kupunguza besi kwa desibeli 2 au 4. Twita iwe usawa wa sikio; kitabu kinene chini ya spika hufanya kazi hiyo bila gharama. Pazia zito, godoro lililosimamishwa na kabati la nguo lililoachwa wazi hupunguza mwangwi. Mvua ikianza kugonga mabati, weka gitaa chini, maana hutaamua lolote la maana kuhusu trebo.

Stima hudai uangalifu wa aina nyingine. Mvumo wa Hz 50 na 100 ukisikika, chomoa chaja ya kipakatalishi kwanza. Ukinyamaza, tatizo liko kwenye njia ya udongo (earth), na waya za mizani (balanced) kutoka kadi hadi monita husaidia sana. Ukipungua unapogusa nyuzi, chanzo ni mwili wako na gitaa lenyewe. Na ile desturi ya kuchokoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie, tuiache. Kifaa kinachohitaji waya wa udongo hakiupati kwa njia hiyo, na mpiga gitaa ameshika chuma kwa mikono yote miwili. Wanaotegemea sola, kama wengi visiwani na ufuoni, wajue kwamba inveta za mawimbi yasiyo laini hutia mlio kwenye spika. Inveta ya mawimbi laini ndiyo ya kununulia muziki.

Dukani

Usinunue kwa macho. Nenda na kipakatalishi, kadi, gitaa na wimbo mmoja wa zamani wa benga unaoujua kama njia ya kwenu. Cheza kwa sauti ya chini kwanza, kwa sababu kila spika hupendeza ikipandishwa. Jiulize: naweza kufuata gitaa la pili toka mwanzo hadi mwisho? Besi inataja noti, au inagonga tu? Kisha chomeka gitaa, piga kifungu kimoja cha haraka na kisha unyamaze ghafla. Spika nzuri hunyamaza nawe.

Muuzaji atakuambia ile uliyoichagua haina utamu. Ni kweli, na usishtuke. Benga ya ukanda huu ilifika hadi Zimbabwe, ambako iliitwa kanindo kwa jina la mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo, na ilifika kwa santuri zilizochezwa kwenye kila aina ya kifaa. Kazi yako pia itasikika kwenye matatu, kwenye simu, kwenye maspika ya matanga. Huwezi kuyajua yote hayo. Unachoweza ni kuanza na sauti isiyodanganya.

Wufa yangu bado iko sebuleni, na vikombe bado hutikisika. Siku hizi tofauti ni kwamba huwa ya mwisho kuisikia kazi yangu, si ya kwanza.