Mzee Asigeuke Zee

Nadhani Kiswahili kilichosikika na watu wengi zaidi ndani ya gemu za video hakisemwi, kinaimbwa. Ni wimbo "Baba Yetu", alioutunga Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005. Mwaka 2011 wimbo huo ulimpatia tuzo ya Grammy, ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu. Ni wimbo mzuri na ninaupenda. Lakini Kiswahili chake ni cha kwaya: sauti nyingi, mwangwi wa ukumbi mkubwa, na hakuna mtu mmoja unayeweza kumwita jina.

Kiswahili cha mtu mmoja, mwenye mafua na lafudhi ya kwao, vijana wamejitengenezea wenyewe katika modi. Modi ni mabadiliko ambayo mchezaji anayapachika juu ya gemu ya wengine. Ndiyo inayoleta basi la mkoani kwenye Bus Simulator Indonesia, au jezi za Simba na Yanga kwenye gemu ya mpira iliyotengenezwa Japani. Baada ya picha hufuata sauti: kondakta, mtangazaji, askari, bibi kizee. Sauti hizo hurekodiwa kwa simu chumbani, kisha husafishwa kwenye programu ya bure kama Audacity. Mimi ninasoma shahada ya uzamili ya isimu, nyumbani ni Raskazone, na wenzangu wa hapa Tanga hunitumia faili niwasaidie kuhariri. Kwa hiyo nasikiliza filta kama wengine wanavyosoma mashairi. Kuna filta tatu ninazotaka kuzihakiki, kwa sababu kila moja ina maoni yake kuhusu sisi, ingawa hujifanya ni fundi tu.

Ya kwanza ni lango la kelele. Unaipa kipimo cha ukubwa wa sauti, na chochote kilicho chini ya kipimo hicho kinanyamazishwa. Kwa Raskazone ni kishawishi kikubwa: kaskazi ikivuma kuanzia Desemba, hakuna dirisha linaloizuia, na kunguru hawana adabu. Shida ni kwamba maneno yetu mengi huanza na nazali, ile m au n ya puani, ambayo ni hafifu kuliko irabu inayofuata. Lango likikazwa kupita kiasi, linaikata nazali pamoja na upepo. Hapo mboga inakuwa boga. Mbuzi anakuwa buzi, na kila kijana wa mjini anajua buzi ni nani. Mzee anakuwa zee.

Ukiandika "zee" kwenye karatasi, mhariri ataona kosa. Kwenye gemu hakuna anayeona. Kinachosikika ni kijana asiye na heshima akimkaripia mtu mzima. Kiingereza kikipoteza sauti kidogo mwanzoni mwa neno, msikilizaji mara nyingi hulikisia neno lenyewe. Kwetu kipande kile cha mwanzo ndicho kinachobeba ngeli, na ngeli ndiyo inayosema kama tunazungumza na mtu au na dude. Lango halijui hilo. Limefundishwa kwamba kilicho hafifu ni takataka.

Sisemi upepo uachwe. Mngurumo wake mwingi uko chini kabisa. Ukikata kila kilicho chini ya hezi 80, kaskazi inapungua na nazali inabaki salama, kwa sababu nguvu yake kubwa iko kwenye hezi 250 hadi 300 hivi. Ni suala la kujua unachokikata.

Ya pili ni filta ya redio au simu, inayobakiza sauti kati ya hezi 300 na 3,400, kipimo cha simu za zamani. Hii inapendwa sana kwa maaskari. Inawapunguzia nazali kutoka chini, na kutoka juu inawanyang'anya mvumo wa s na th. "Thamani" na "samani" zinaanza kufanana. Lakini ugomvi wangu mkubwa na filta hii ni wa kihistoria. Mwenzangu mmoja anatengeneza modi ya vita vya Tanga, vya tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, pale jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000 kutoka India lilipoteremka hapa hapa Raskazone na kushindwa na kikosi cha Wajerumani cha watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika. Kila rasimu niliyosikia ina askari wanaokoroma kama redio mbovu. Askari yule alikuwa anapiga kelele kwa mdomo wake, chini ya minazi, nyuki wakimuuma. Redio inatoka wapi?

Inatoka masikioni mwetu. Watu wa zamani tumewasikia kupitia mashine tu, basi tunadhani walisikika kama mashine. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, sahani za santuri zilimpa ule mkwaruzo tunaoujua, lakini waliokaa naye barazani Zanzibar hawakusikia mkwaruzo wowote. Shaaban Robert, mtu wa Tanga, alipoandika wasifu wake aliandika habari za mwanamke na sauti yake, siyo za sahani. Filta ya redio inageuza ukongwe wa chombo kuwa ukongwe wa mtu. Na wakati inashughulika na mkoromo, inaacha swali la maana: askari wale hawakuwa wote watu wa pwani. Walikuwamo Wanyamwezi na Wasukuma, na Kiswahili chao kilikuwa na kwao. Lafudhi haipatikani kwa kubonyeza kitufe. Inabidi umtafute mtu.

Ya tatu ndiyo inayoniudhi. Ni kushusha sauti nusutoni nne au tano, ukaongeza mwangwi, ukapata jini au mchawi. Kwa nini karibu kila mara malighafi yake ni sauti ya bibi? Nimeletewa faili ya bibi wa upande wa Mtang'ata akisimulia namna ya kukausha dagaa, kwa lahaja ambayo vijana wengi wa hapa mjini wanaielewa nusu tu, ikiwa na maelekezo: "mfanye atishe." Katika nchi hii kuna vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi. Gemu haiui mtu, najua. Lakini inazoeza sikio kwamba uzee wa mwanamke ukisikika vizuri ni hatari. Faili hiyo nimeirudisha ikiwa safi, bila jini, na nikauliza kama bibi mwenyewe ameambiwa sauti yake inakwenda wapi. Jibu bado linasubiriwa.

Tunao mfano mwingine, na haukuhitaji kompyuta. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alitafsiri filamu za nje kwa kuongea juu yake. Filamu ikanong'ona anaposema, ikapaza anaponyamaza. Kenya DJ Afro anafanya hivyo hivyo, na Uganda ma-VJ wameifanya kazi hiyo kuwa sanaa kamili. Ile nayo ilikuwa modi: kazi ya wengine imepachikwa sauti yetu. Tofauti ni kwamba Lufufu hakujificha. Ulisikia pumzi yake, ulimjua kwa jina, na alipochekesha ulijua nani amekuchekesha. Filta pekee aliyoitumia ilikuwa kupandisha na kushusha sauti, na ilimtumikia msemaji.

Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza kwa modi za Kiswahili. Filta nzuri inamsaidia mtu asikike. Mbaya inamgeuza kuwa kitu kingine bila ruhusa yake. Kabla hujahifadhi faili, zima picha, vaa spika za masikioni, na usikilize mwanzo wa kila neno. Kama m ya mzee ipo, umehariri. Kama haipo, umemtukana mtu ambaye hayupo chumbani kukujibu.