Nyumba Zilibomoka, au Zilibomolewa?

Shirika la habari la Inter Press Service lilianzishwa mjini Roma mwaka 1964 na Roberto Savio, Mwitalia, pamoja na Pablo Piacentini, Mwajentina. Zama hizo habari za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zilipita mikononi mwa mashirika machache makubwa ya Ulaya na Marekani, nasi tulitajwa hasa tulipopigana, tulipopinduana au tulipokumbwa na njaa. Shirika hili lilikusudia kuandika juu ya maendeleo na haki za wanyonge. Hoja ya namna hiyo ilitiwa nguvu mwaka 1980 na taarifa ya tume ya Unesco iliyoongozwa na Seán MacBride.

Nia hiyo twaisifu bila kusita. Lakini kwa kuwa habari zake zimewahi kutolewa kwa Kiswahili pia, yatupasa sisi walimu kuuliza: je, Kiswahili cha uandishi wa aina hii, wa shirika hili na wa wengineo, kinaitimiza nia yenyewe?

Mara nyingi hakiitimizi. Chukua neno "walengwa". Kulenga ni kazi ya mwindaji, na anayelengwa ni paa. Hata hivyo mkulima anayepewa mbegu huitwa mlengwa, kisha "hujengewa uwezo", kana kwamba kabla ya semina hakujua kushika jembe. Hilo ni dogo, na huenda likachekesha.

Kubwa limo katika kauli za vitenzi. Askari wakivunja makazi ya watu, mwandishi aweza kusema "askari walibomoa nyumba", au "nyumba zilibomolewa", au "nyumba zilibomoka". Sentensi ya kwanza ina mshtakiwa. Ya pili imemficha, ila imeacha mlango wazi: mwanafunzi mwerevu atauliza, na nani? Ya tatu imeufunga mlango huo. Nyumba zimejiangukia zenyewe, labda kwa mvua. Kiambishi kimoja kimemwachilia mkosaji. Ndivyo ilivyo pia kwa waliopigwa risasi wanaposemwa kuwa "walipoteza maisha", kama mtu aliyeangusha kisu njiani.

Waandishi watajibu kwamba ushahidi huenda haujatimia, na kwamba kumtaja mtenda kwaweza kuwafikisha mahakamani au kuhatarisha maisha yao. Jibu hilo ni la haki. Lakini kwa hali hiyo Kiswahili kina maneno yake: "nyumba zilibomolewa, na aliyezibomoa hajajulikana", au "wakazi wanasema ni askari, wakuu wao wanakana". "Zilibomoka" haina tahadhari yoyote. Ni dai jingine, nalo ni la uongo.

Hapa Uganda wengi wa wanafunzi wetu hukifahamu Kiswahili darasani, na taarifa kama hizi huzipokea kuwa ndiyo lugha sanifu ya kuigwa. Kwa hiyo tungependekeza zoezi hili: wapewe habari moja, wairudishe kila sentensi katika kauli ya kutenda. Pasipopatikana mtenda, nafasi yake iachwe wazi katika daftari, nao wazihesabu nafasi hizo.