Changu wa Miaka Hamsini

Wazazi wetu walipotimiza miaka hamsini ya ndoa, sisi watoto wanne tulichanga tukawapeleka kula chakula cha jioni katika mkahawa mmoja wa fahari upande wa Nyali, pale unapoketi ukaziona taa za Mji wa Kale ng'ambo ya maji. Mama alivaa buibui jipya. Baba alivaa kanzu, na juu yake lile koti alilonunua mwaka aliostaafu kazi ya bandarini Kilindini. Chakula kilikuwa kizuri, na mpishi anastahili sifa zake. Lakini wiki tatu zimepita, na ninayemfikiria bado ni mhudumu wetu.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, shati jeupe lililonyooka. Alimwamkia baba kwanza, "Shikamoo mzee," kisha mama, halafu ndipo akatutazama sisi. Akamvutia mama kiti. Cha baba hakukigusa. Alisimama kando hadi baba mwenyewe alipochagua kukaa akitazama maji. Kwa muda wa mwaka mmoja sasa mkono wa kulia wa baba unatetemeka, naye huuficha chini ya meza. Nyumbani tumezoea kumtilia chai nusu kikombe bila kusema neno. Pale hatukuwa tumemwambia mtu yeyote. Mhudumu alipokuja na maji ya ukwaju, aliiondoa glasi ya baba yenye mguu mrefu akaweka nyingine fupi, nzito kitako, akaijaza nusu. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa mama, mwenye mkono usio na tatizo lolote, ili glasi ya baba isiwe ya peke yake mezani. Sidhani kama ndugu zangu waliona. Mimi niliona, nikaanza kumfuatilia kwa macho.

Sisi watu wa pwani hatuna haki ya kuishangaa kazi hii kana kwamba imeletwa na meli. Tumekua tukiona wageni wakinawishwa: kijana anazunguka na birika na tasa, anaanza kwa mkubwa, anamimina maji polepole yasirukie kanzu ya mtu. Na katika kila arusi kuna mpakuzi. Si kila mtu hukabidhiwa upawa wa sufuria la pilau. Mpakuzi lazima ajue nyama ziko ngapi na masinia yako mangapi, azitandaze juu ya wali hivi kwamba sinia la mwisho lisitofautiane na la kwanza, wala asionekane akihesabu. Mpakuzi mbovu huivunja karamu iliyopikwa vizuri.

Wenzetu wa Ulaya waliifikia kazi hiyo kwa njia yao. Zamani katika karamu za wakubwa vyakula vilijazwa mezani kwa pamoja, na vingi vilipoa kabla ya kuguswa. Karne ya 19 ukaenea kutoka Paris utaratibu uliojulikana kuwa wa Kirusi, wa kuleta chakula kimoja baada ya kingine, na kazi ya kukata na kugawa ikahamia meza ya pembeni, mikononi mwa mhudumu. Hapo ndipo zilipozaliwa kanuni ambazo mgeni huziona kama madaha tu. Chakula cha kupakuliwa kutoka sinia huletwa kushotoni kwako, kwa sababu mhudumu hushika sinia kwa mkono wa kushoto na kupakua kwa wa kulia. Akisimama upande wa pili, mkono wake utakukatiza kifuani ukiwa katikati ya hadithi. Kinywaji huja kutoka kulia kwa kuwa glasi ziko kulia. Kila kanuni ukiichimba utakuta chini yake kuna mtu ambaye hakutakiwa kusumbuliwa.

Mhudumu wetu alisomea Nairobi, katika Chuo cha Utalii cha barabara ya Thika, kilichofunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa serikali ya Uswisi. Nilimuuliza nilipotoka kunawa mikono, akanijibu kwa adabu huku jicho moja likiwa kwenye meza yetu. Aliniambia kushika kijiko na uma kwa mkono mmoja kulimchukua miezi. Kijiko hukaa chini, mpini wake ukiegemea vidole vitatu vya mwisho. Uma hukaa juu, kati ya kidole gumba na cha shahada. Viwili hivyo hufunguka na kufunga kama mdomo wa ndege. Alijizoeza chumbani kwake kwa maharagwe makavu, akiyahamisha moja moja kutoka bakuli hadi bakuli, mpaka ikawa hata usingizini vidole vinajua.

Kisha akaja changu.

Tulikuwa tumeagiza samaki mzima, wa kilo mbili na ushei, aliyechomwa kwa mkaa na kupakwa nazi. Alimleta kwanza karibu na baba, akamwonyesha, akangoja. Baba akamkagua kama anayemnunua sokoni, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo sinia likawekwa kwenye kijimeza cha magurudumu, hatua moja kutoka kwetu, pamoja na sahani zilizopashwa moto.

Alianza na mapezi. Aliyakandamiza kwa ubapa wa kijiko, akayavuta, nayo yakatoka na vimiiba vyake vyote kama kitana. Akakata ngozi kwa ncha ya kijiko nyuma ya shavu, na tena karibu na mkia. Kisha akapitisha ukingo wa kijiko kwenye ule mstari unaokwenda ubavuni mwa samaki kutoka kichwa hadi mkia, taratibu, akisikiliza. Nasema akisikiliza kwa sababu hakuwa anaangalia kijiko. Aliinamisha kichwa kidogo, na niliamini kwamba mkono wake unaupapasa uti wa mgongo kupitia chuma. Mnofu wa juu akausukuma upande wa mgongoni, wa chini upande wa tumboni, samaki akafunguka kama kitabu. Akapenyeza uma chini ya uti kwenye mkia, akauinua kuelekea kichwani, ukaja wote, mweupe, mzima, bila hata ubavu mmoja kukatika. Vimiiba vya tumbo, vile ambavyo humkwama mtoto kooni, alivifagia kwa mikupuo miwili. Muda wote huo hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Dada yangu mkubwa alikuwa anasimulia habari za mwanawe, na hakuna aliyenyamaza ili kutazama, na nadhani hivyo ndivyo alivyotaka.

Sahani ya baba aliitayarisha mwisho ingawa aliiweka mezani kwanza. Mgongo wake ulitukinga, kwa hiyo niliona kidogo tu: mnofu wa baba aliugawa vipande vya tonge, kisha akavibana pamoja kwa kijiko, akavifunika na mchuzi wa nazi, hata kwa macho ukawa kipande kizima kama vyetu. Baba alikula kwa uma tu, mkono wa kushoto. Hakuomba kukatiwa. Hakumwaga. Sikumbuki lini mara ya mwisho alikula mbele za watu bila kuinamia sahani.

Nimewahi kula mahali pa bei kubwa zaidi ya pale, ambako sahani ziliondolewa kwa haraka mzee mmoja akiwa bado anatafuna, naye akauweka uma chini kwa aibu kana kwamba amechelewa shule. Hapa hakuna sahani iliyoondoka hadi wa mwisho alipomaliza, na wa mwisho alikuwa baba, na ilichukua muda. Mhudumu alisimama karibu na nguzo, mikono nyuma, uso wake umeelekea maji.

Vilibaki vijinyama viwili alivyovichokoa kichwani mwa samaki kwa ncha ya kijiko, mashavu yenyewe, kila kimoja ukubwa wa sarafu. Alimpa mama kimoja, baba kimoja, akarudi nguzoni.

Mama alikitazama cha kwake. Kisha akakichukua kwa vidole, kama afanyavyo jikoni kwake, akakiweka kwenye sahani ya baba. Baba akasema kitu hatukukisikia, mama akacheka akiziba mdomo kwa ukingo wa buibui.

Mhudumu alikuwa ameshaanza kuja na jagi la maji, hatua tatu au nne hivi. Akasimama pale pale katikati ya ukumbi, jagi mkononi, akangoja.