Mbirimbi na Ukoo Wake

Katika nyua za zamani za Mjimwema na Gezaulole, Kigamboni, mlimao husimama jirani na mwarobaini, mihogo hupandwa pembeni, na mbirimbi huchanua maua mekundu moja kwa moja kwenye shina. Mwenye ua huijua mimea hii kwa faida zake: limau la supu ya pweza, kivuli na dawa, muhogo wa kuchoma, birimbi la achari. Mwainishaji wa mimea huuliza jambo jingine: nani ndugu wa nani? Nauheshimu sana ufundi huo, na ushahidi wa heshima yangu umo humo humo uani.

Mimea hiyo minne iliwahi kuwekwa katika oda moja, yaani kundi moja la familia za mimea. Mjerumani Adolf Engler, ambaye mwaka 1895 alichapisha kitabu juu ya mimea ya Afrika Mashariki, aliijumuisha yote katika Geraniales, oda ya jeranium. Hakubahatisha. Alitazama petali, stameni na vyumba vya ovari, hata upande ambao viyai vya mbegu vimeelekea ndani ya ovari. Pasua ua la mbirimbi kwa wembe, utahesabu sepali tano, petali tano, stameni kumi, na ovari ya vyumba vitano. Panda Kilimanjaro, utafute jeranium za porini, uhesabu tena: tano, tano, kumi, tano. Aliyesema mimea hii ni ndugu alisema kwa ushahidi wa macho yake.

Lakini macho hayaishii kwenye ua. Tunda la jeranium hukauka likawa na mdomo mrefu kama wa ndege, kisha vipande vyake vitano hufyatuka na kurusha mbegu mbali. Birimbi hubaki laini, limejaa maji makali. Tofauti za namna hiyo ndizo zinazomfanya mwainishaji arudi mezani. Mwaka 1753 Carl Linnaeus aliyaweka pamoja, kwa jina la Geranium, hata yale maua ya vyungu ambayo wauza miche huyaita jeranium mpaka leo. Mwaka 1789 Mfaransa L'Héritier aliyatenga na kuyaita Pelargonium. Aliona kwamba petali mbili za juu hazifanani na tatu za chini, na kwamba nyuma ya ua kuna kijibomba cha nekta kilichoungana na kikonyo. Kijibomba hicho huonekana vizuri ukikata kikonyo, na ndicho kilichosaidia kutenga jenasi nzima.

Kuanzia miaka ya 1990 wataalamu walianza kusoma jeni, hasa rbcL iliyomo katika kloroplasti za majani, na mwaka 1998 kundi la wanabotania wa nchi mbalimbali likatoa mpangilio mpya wa mimea yote itoayo maua. Oda ya jeranium ikapungua sana. Mlimao na mwarobaini imo katika oda moja na mwembe na mkorosho. Muhogo umekuwa ndugu wa mkoko, ule wenye mizizi iliyosimama juu ya tope la bahari. Mbirimbi umepewa oda nyingine, Oxalidales. Kufikia mwaka 2016 Geraniales ilikuwa na familia mbili tu, na humo jeranium imekutanishwa na Bersama, mti wa misitu ya milimani ambao kwa sura hakuna ambaye angeudhania.

Wapo wanaoona mabadiliko haya ni dalili ya udhaifu wa fani. Mimi naona ndiyo utukufu wake. Fundi cherehani mzuri hufumua mshono wake mwenyewe nguo isipokaa sawa, na mwainishaji hufumua kazi ya miaka mia bila kumdharau aliyeshona kwanza.

Kazi hiyo ina mikono ya kwetu pia. Katika mfululizo mkubwa wa vitabu vya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda, ulioanza mwaka 1952 na kukamilika 2012, familia ya jeranium iliandikwa na John Kokwaro na familia ya mbirimbi na Christine Kabuye, vijitabu vyote viwili vikatoka mwaka 1971. Kurasa zao zinasomwa hadi leo, kwa sababu oda inaweza kuhama, ila maelezo sahihi ya jani, ua na tunda hayachakai.

Kijana wa Kigamboni anayevutiwa na ufundi huu anaweza kuanza na wembe, lenzi ya mkononi, magazeti ya kukaushia na daftari. Akaushe tawi lenye maua na matunda, aandike limetoka wapi, lini, na mmea ulikuwa na kimo gani. Kisha athubutu kutamka ni mmea gani. Akikosea, atakayemfuata atamsahihisha kwa tawi lilelile, mradi limehifadhiwa vizuri na maelezo yake ni ya kweli.